Meza ya Michezo: Japani inapokwama China

SWALI: Ndugu Mhariri, tunacheza Axis & Allies Pacific 1940, toleo la pili, mchezo wa mezani wa Vita Kuu ya Pili. Nikishika Japani huteka majimbo mawili matatu ya China zamu ya kwanza bila taabu. Ikifika zamu ya nne Wachina wamejaa tele na ndege zangu zimebaki chache. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usiilaumu dadu. Tazama jimbo ulilolishinda linabaki na nani jioni ya zamu yako.

Ndege haiwezi kutua katika jimbo ulilolitwaa zamu hiyo hiyo. Lazima irudi kwenye ardhi iliyokuwa yako tangu mwanzo wa zamu. Basi ukipeleka askari wa miguu wawili na ndege tatu, ukashinda na kubakiwa na askari mmoja, ndege zinaondoka na yule mmoja analala peke yake. Baada yako anacheza Mmarekani, kisha Mchina. Mchina analeta askari wanne kutoka jimbo la jirani, analirudisha jimbo, halafu mwisho wa zamu anapanga askari wapya papo hapo. Kanuni inamruhusu: anaweka vikosi katika jimbo lolote la China alilonalo, hata alilolikomboa dakika hiyo. Hana kiwanda, na hakihitaji. Ndiyo maana unawaona wameota nyuma yako.

Piga hesabu kabla ya kusogeza kete. Askari wa miguu akishambulia hupiga dadu ikitoa 1 tu, akilinda hupiga ikitoa 2 au chini. Wanne wakiwavamia Wachina watatu, jumla yako ni 4; gawa kwa pande 6 za dadu, ni theluthi mbili ya pigo kwa kila mzunguko wa kurusha dadu. Wao wana 6, yaani pigo zima. Unashindwa ukiwa wengi. Sasa peleka askari watatu, mzinga mmoja na ndege mbili za kivita. Mzinga hupiga kwa 2 na kumpandisha askari mmoja naye afike 2. Wawili waliobaki wana 1 kila mmoja. Ndege 3 na 3. Jumla 12, mapigo mawili kwa mzunguko dhidi ya lile lao moja. Kwa kawaida unamaliza kazi ukiwa na askari mmoja au wawili pamoja na mzinga, na hao ndio watakaolala pale.

Kwa hiyo nunua mizinga. Wengi hununua askari watupu kwa sababu ni IPC 3 (IPC ndiyo fedha ya mchezo) na mzinga ni 4, lakini hiyo IPC moja ya ziada ndiyo inayowafanya askari wawe washambuliaji. Vifaru vya IPC 6 visubiri.

Ndege zinapotea kwa tamaa. Umebaki na askari mmoja na ndege mbili, adui ana mmoja, naye amekupiga. Ukimwondoa askari wako, hutwai kitu. Ukiondoa ndege, unatwaa jimbo. Majimbo mengi ya China yana thamani ya IPC 1, na ndege ya kivita ni IPC 10. Mwondoe askari. Mshambuliaji anaruhusiwa kurudi nyuma kila baada ya mzunguko, kwa hiyo ua wawili watatu urudi. Hilo nalo ni ushindi. Ndege hizo utazihitaji baharini dhidi ya Mmarekani.

SWALI: Nianze na Yunnan au niifuate ile ndege moja ya Wachina? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Yunnan, zamu ya kwanza, kutokea Kwangsi. Barabara ya Burma hupita India, Burma, Yunnan na Szechwan. Yote manne yakiwa mikononi mwa Washirika, Mchina hupata IPC 6 za ziada kila zamu, yaani askari wawili, na zaidi ya hapo anaruhusiwa kununua mizinga. Ukiikata, anabaki na askari wa miguu peke yao. (Katika vita yenyewe Japani ilikata barabara hiyo ilipoteka Lashio, Aprili 1942, na mwaka 1944 askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) kutoka huku kwetu walikuwa wakipigana bonde la Kabaw, huko huko Burma.)

Peleka nguvu ya kutosha kubaki, maana Mchina atairudia Yunnan kwa kila alichonacho. Akitoka Szechwan kwa wingi, mshukuru: akishambulia, askari wake hupiga kwa 1 tu kama wako, na waliobaki unawapiga zamu inayofuata na ndege zote.

Ile ndege yake haimfai nje ya nchi yake, kwani vikosi vya China haviruhusiwi kutoka ila kuingia Burma na Kwangtung. Lakini hairudishwi ikiangushwa, kwa hiyo ikibaki na walinzi wachache, ipige siku hiyo hiyo.

SWALI: Je, nimmalize Mchina kabisa kabla ya kumvamia Mwingereza? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Ushindi wako ni miji sita kati ya minane, na wa China ni Shanghai tu, ambao unao tangu mwanzo. Hong Kong, Manila na Calcutta ndizo safari za kwanza. Kuipiga China hakumuudhi Mmarekani, na maadamu hujamgusa Mwingereza wala Indochina ya Wafaransa, unapokea IPC 10 kila zamu. Zipokee IPC hizo zamu mbili za mwanzo huku ukisukuma bara. Zamu ya tatu ondoka, kwa kuwa mwisho wa zamu yake ya tatu Mmarekani anaruhusiwa kuingia vitani hata kama hujamchokoza. Bara acha kundi moja nene lenye mizinga, na askari mmoja mmoja katika majimbo yanayopakana na Wachina tu. Ya ndani kabisa hayahitaji mlinzi.