Swali la lugha: Kiendeshi, draiva na swali la nani anatenda

Msomaji anayeandika maelezo ya Kiswahili ya funksheni za draiva (programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa) inayotumika ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, ametuletea sentensi hii: "Kiendeshi kikikabidhi bafa kwa kifaa, hakitakiwi kuigusa mpaka kiirudishe." (Bafa ni sehemu ya kumbukumbu inayowekewa data kwa muda.) Mwenzake aliisoma sentensi hiyo akaielewa vingine kabisa. Anauliza kama sentensi ina kosa, na kama ni bora aandike "kiendeshi" au "draiva".

Kisarufi sentensi haina kosa, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Kiendeshi na kifaa vyote ni vya ngeli ya KI-VI, kwa hiyo kiambishi cha "hakitakiwi" na kile cha "kiirudishe" vinaweza kumrejelea yeyote kati yao. Anayeifahamu virtio, kiwango cha mawasiliano kati ya mashine pepe na vifaa vyake, ambamo draiva ya mfumo mgeni (ule unaoendeshwa ndani ya mashine pepe) na kifaa pepe hupokezana bafa kupitia foleni, atakisia kwamba anayekatazwa ni draiva na anayerudisha ni kifaa. Maelezo ya kiolesura, yaani ya namna sehemu mbili za mfumo zinavyowasiliana, hayapaswi kumwacha msomaji akisie: draiva ikiandika kwenye bafa ambayo kifaa bado kinaisoma, data huharibika, na hitilafu ya namna hiyo huweza kujitokeza mbali sana na mahali ilipoanzia.

Kwa hiyo, katika maandishi ya aina hii, ningechagua "draiva". Neno "kiendeshi" limeundwa vizuri, na katika maelezo ya mtumiaji wa kawaida ningelitumia bila kusita; lakini pale ambapo watendaji wawili wanapeana zamu katika kila sentensi, ni faida kubwa mmoja akiwa na "i-" na mwingine "ki-". Ni kweli kwamba bafa nayo ni ya ngeli ya I-ZI, ila bafa hutendewa tu, haitendi, hivyo msomaji hapotei kirahisi. Izingatiwe pia kwamba draiva si dereva: tuandike "draiva inaandika", wala si "anaandika".

Mtego kama huo upo kwa mfumo mgeni na mfumo mwenyeji (ule unaoiendesha mashine pepe), na huo ni mbaya zaidi, kwa kuwa "u-" ya mfumo inafanana na "u-" ya nafsi ya pili. Ukikuta maelezo yanayosema "ukimaliza, uiachilie kumbukumbu", huwezi kujua kama anayeambiwa ni mfumo mgeni, mfumo mwenyeji, au wewe mwandishi wa programu. Hapo dawa ni kurudia jina, hata kama sentensi itakuwa ndefu. Waraka rasmi wa virtio, unaotolewa chini ya shirika la viwango la OASIS, huyatenga masharti ya draiva na masharti ya kifaa katika vifungu viwili tofauti. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuufuata mpangilio huo bila kupoteza chochote.

"Hakitakiwi" nalo lina utata. Wengine hulisoma kama katazo, wengine kama kusema kwamba hakuna ulazima. Katika kiolesura tofauti hiyo ni kubwa, basi tutumie "si lazima iiguse" kwa maana ya hiari, na "isiiguse" kwa maana ya katazo. Sentensi ya msomaji wetu ingekuwa hivi: "Draiva ikishakabidhi bafa kwa kifaa, isiiguse tena mpaka kifaa kiirudishe." Vivyo hivyo, kauli ya kutendwa kama "kumbukumbu itaachiliwa" isiachwe bila "na" ya mtendaji, maana swali la nani anaachilia ndilo sehemu kubwa ya mkataba wa funksheni yoyote inayopokea kielekezi, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu.

Kuhusu kuingiza na kutoa data, upande wa mtazamaji utajwe. Ndani ya Linux, funksheni ya zamani ya kuongeza bafa kwenye foleni ya virtio ilipokea idadi mbili, ya bafa za kutoka na ya bafa za kuingia, na namba hizo zingeweza kubadilishana nafasi bila kikusanyaji (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) kulalamika. Mwaka 2013 zikaongezwa funksheni zinazobeba mwelekeo katika majina yake, virtqueue_add_outbuf na virtqueue_add_inbuf, na ile ya zamani ikaondolewa. Mwelekeo huo ni wa draiva. Kwa kifaa, "kutoka" huko ni kusoma.

Jambo la mwisho ni thamani inayorudishwa. Funksheni ya kuchukua bafa iliyokwisha kutumika inaporudisha kielekezi tupu, yaani kisichoelekeza popote, huwa haisemi kwamba kuna hitilafu. Inasema kwamba kwa wakati huo hakuna bafa ambayo kifaa kimeimaliza. Kiswahili kina kiambishi cha hali hiyo hasa: tuandike "kifaa hakijarudisha bafa", kwa sababu "hakikurudisha" itamfanya msomaji atafute kosa ambalo halipo.