Presha ya mimba haiumi, soma kadi yako

Kadi ya kliniki ya mimba yangu ya kwanza bado ninayo. Imechakaa pembeni, na kwenye sehemu ya presha kuna miandiko ya wauguzi tofauti: 108/68, 110/70, 112/70, 122/78, 130/84, 136/88. Kila nilipopimwa niliambiwa presha yako nzuri, na kweli, kila namba ukiitazama peke yake iko chini ya 140/90, mpaka ambao presha huhesabiwa kuwa juu. Lakini zitazame zote kwa pamoja. Zinapanda. Hakuna aliyeliona hilo, na mimi niliyekuwa na kadi mkobani miezi yote sikuwahi kuifungua nikaisoma. Wiki ya 35 nilikutwa na 164/112, na siku ile sikurudi nyumbani.

Naandika haya kwa sababu nilikuwa naamini mwenye presha hujijua. Nilidhani moyo utaenda mbio, kichwa kitazunguka, mwili utakataa. Haikuwa hivyo. Nilikuwa natembea, nafanya kazi zangu, nalala vizuri. Kitu pekee nilichokigundua ni pete. Asubuhi moja nilitaka kuivua nioge, ikagoma. Nikapaka sabuni, haikusogea, na nyama ya kidole ilikuwa imetuna pande zote mbili kama kidole kilichofungwa uzi. Uso nao ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. Niliowaambia walinijibu kwamba mjamzito huvimba, na hawakusema uongo: miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wengi. Kinachotakiwa kukutoa nyumbani siku hiyo hiyo ni uso na mikono kuvimba ghafla, au uzito kuongezeka kwa kasi ndani ya siku chache. Na wapo wanaopata tatizo hili bila kuvimba hata kidogo, kwa hiyo usijipime kwa macho.

Siku mbili baada ya pete, nikaamka na kichwa. Kilibana paji la uso, mwanga wa dirishani ukawa unaniumiza. Nikameza parasetamo, nikangoja, hakikushuka. Dada yangu ndiye aliyeninyanyua kitandani. Nesi alinifunga mkanda mkononi, akapima, akanyamaza. Akaniambia, "Mama, kaa utulie, usiongee kwanza." Akapima tena, kisha akahamia mkono wa pili. Halafu akanipa kichupa cha mkojo, akachovya kijiti, akakiweka kando ya rangi zilizochapwa kwenye kopo lake. Kile kipande kilichokuwa cha njano kiligeuka kijani mbele ya macho yangu, kikazidi kukolea. Hiyo ilikuwa protini. Figo zangu zilikuwa zinavuja na mimi sikuwa na habari.

Presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, ikapimwa tena baada ya saa kadhaa ikawa hivyo hivyo, hiyo ni presha ya mimba. Si lazima namba zote mbili zipande. Ya juu peke yake au ya chini peke yake inatosha. Ikiambatana na protini kwenye mkojo, au na ushahidi kwamba figo, ini, ubongo au damu yenyewe imeanza kuathirika, inaitwa priklampsia. Zingatia hilo neno "au". Mkojo unaweza kuwa safi na bado mama akawa na priklampsia. Ikiachwa, inaweza kuleta degedege, ndicho kifafa cha mimba. Jina hilo limepotosha watu wengi. Hakihusiani na kifafa cha kawaida, na si pepo wala kurogwa. Anayedondoka na degedege akiwa na mimba anahitaji hospitali dakika hiyo hiyo, na wakati wa kusubiri gari alazwe kwa ubavu wa kushoto, asiwekewe chochote mdomoni.

Swali lililonitesa kuliko yote wodini ni: nilikosea wapi? Nilijilaumu kwa chumvi, kwa kazi, kwa mawazo. Daktari mmoja alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza taratibu, na nataka na wewe ulisikie. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mwanzoni kabisa mwa mimba, mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi inatakiwa kutanuka ili ipitishe damu nyingi kwenda kwa mtoto. Kwa baadhi yetu haitanuki inavyopaswa. Kondo linakosa damu ya kutosha, na miezi baadaye linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa mwili mzima. Mishipa inabana, presha inapanda. Mishipa inavuja, protini inapita kwenye mkojo na maji yanajaa usoni na mikononi. Kasoro hiyo inaanza kabla hata tumbo halijaonekana. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kupunguza chumvi wala kujilaza nyumbani kama njia ya kuzuia priklampsia. Kwa hiyo yeyote anayemwambia mama mgonjwa kwamba amejitakia, naomba anyamaze.

Kwa kuwa chanzo ni kondo, tiba kamili ni kujifungua. Dawa za presha zinamlinda mama asipate kiharusi wakati maamuzi yanafanyika. Zinazotumika sana ni methyldopa, nifedipine na labetalol. Zipo nyingine ambazo hazifai kwa mjamzito, kama enalapril na losartan, kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto. Kama ulikuwa na presha kabla ya mimba, mwonyeshe daktari dawa zako mara tu unapojua una ujauzito, akubadilishie. Usiziache mwenyewe.

Mimi niliwekewa pia dripu ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Hakuna aliyeniandaa kwa ile hali: joto lilianzia mkononi, likapanda kifuani, likaishia usoni, nikadhani nawaka. Joto hilo linatarajiwa. Kila baada ya muda nesi aligonga goti langu kwa kinyundo, akahesabu pumzi zangu, akatazama mfuko wa mkojo. Niliona kero, nikataka nilale. Baadaye nilielewa kwamba dawa ikizidi mwilini, goti huacha kuruka kwanza, kisha pumzi hupungua, na kwamba dawa hiyo hutoka kwa njia ya mkojo. Alikuwa ananilinda. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesiamu inapunguza hatari ya kupata kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Wakikuambia unahitaji dripu hiyo, kubali.

Suala la lini mtoto azaliwe ni zito, na litawahusu wewe na madaktari wako. Priklampsia ikiwa ya wastani, kwa kawaida husubiriwa hadi wiki ya 37 huku mama na mtoto wakifuatiliwa kwa karibu. Ikiwa kali na mimba imeshafika wiki ya 34, kuendelea kusubiri huwa ni hatari kuliko kujifungua. Kabla ya hapo, mama huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Binti yangu alizaliwa na kilo 2.1, akalia kwa sauti nyembamba, nami nikalia naye.

Nikadhani yameisha.

Siku ya tano baada ya kujifungua nilikuwa nimekaa nanyonyesha, nikaanza kuona vimulimuli pembeni ya jicho la kulia, kama mwanga unaocheza juu ya maji. Nikasema ni usingizi, kwani mwenye kichanga analala saa ngapi? Mume wangu akachukua mashine ya presha tuliyoazimwa na jirani. 158/106. Tukarudi hospitali, na mapokezi nikaambiwa nikae kwenye foleni, kwa sababu aliyeniona aliona mwanamke asiye na tumbo anayelalamika kichwa na macho. Mume wangu ndiye aliyepaza sauti: "Amejifungua juzi, alikuwa na presha ya mimba!" Wakanichukua mara moja.

Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko kwingine kote. Kujifungua ndiko kunakoondoa chanzo, lakini mwili hautulii siku hiyo. Presha mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya mtoto kuzaliwa, wakati wengi wetu tumesharuhusiwa kwenda nyumbani na macho ya kila mtu yako kwa kichanga. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua, na hali hii hufuatiliwa mpaka wiki ya 6. Wapo ambao presha yao ilikuwa nzuri mimba nzima, ikapanda baada ya kujifungua. Kwa hiyo ukienda hospitali kwa sababu yoyote ndani ya wiki hizo, sentensi yako ya kwanza mlangoni iwe: nimejifungua siku kadhaa zilizopita. Mfundishe na mtu wako wa karibu aiseme, maana siku hiyo wewe unaweza usiwe na nguvu ya kuongea.

Dalili za kukimbilia hospitali ni zile zile, kabla na baada: kichwa kisichosikia dawa, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu kinachozuka miezi ya mwisho, kubanwa pumzi. Ukiwa bado na mimba, ongeza mtoto kucheza pungufu ya kawaida yake. Maumivu ya chembe yanawadanganya wengi wakadhani ni kiungulia. Inaweza kuwa ini. Presha ikisoma 160/110 au zaidi, usingoje dalili wala asubuhi.

Ukipata mashine nyumbani, ipate ya mkono wa juu, mkanda ukutoshe; mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Nenda chooni kwanza. Kaa dakika 5 bila kufanya kitu, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Usiongee. Andika namba, tarehe na saa, na uende na daftari hilo kliniki. Kama vipimo vya kliniki vimesahaulika siku hiyo, kwa kuwa foleni ni ndefu au mashine haifanyi kazi, usione haya kuomba kwa upole upimwe presha na mkojo kabla hujaondoka.

Mimba ya pili niliianza tofauti. Nilikwenda kliniki mapema kabisa nikasema historia yangu, na kuanzia wiki ya 12 nikaandikiwa aspirini ya dozi ndogo. Hiyo hupewa wenye hatari kubwa: aliyewahi kupata priklampsia, mwenye presha ya muda mrefu, kisukari, ugonjwa wa figo au lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), mwenye mapacha. Mimba ya kwanza, umri mkubwa, unene, na kuwa na mama au dada aliyepata, vyote huongeza hatari. Aspirini hiyo inafaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, ndiyo maana kwenda kliniki mwezi wa sita ni kuchelewa. Usijiandikie mwenyewe, daktari ndiye anayejua dozi na kama inakufaa. Mahali ambapo vyakula vina kalsiamu kidogo, vidonge vya kalsiamu navyo husaidia. Mimi nilifika wiki ya 38, presha ikapanda kidogo mwishoni, ikadhibitiwa.

Sasa sina mimba na bado napima. Mwanamke aliyewahi kupata priklampsia ana hatari kama mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele ukilinganisha na asiyewahi, na hilo hakuna aliyeniambia wakati naruhusiwa; nilikuja kulijua baada ya miaka. Mwambie daktari yeyote atakayekuhudumia, hata kama umekwenda kwa malaria au jino, na upime angalau mara moja kila mwaka.

Binti yangu wa kilo 2.1 ana miaka 9. Nikikaa kupima, yeye ndiye mwenye daftari. Anakaa kimya kabisa mpaka mkanda ulegee, halafu anaisoma namba kwa sauti na kuiandika chini ya ile ya mwezi uliopita.