Komoro ni visiwa vitatu au vinne?

Ndugu uliyeuliza, inategemea unamuuliza nani. Kijiografia ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, vyote vimetokana na volkano, viko upande wa kaskazini wa mlango wa bahari wa Msumbiji. Ngazija ndicho kikubwa kuliko vyote. Huko ndiko uliko mji mkuu, Moroni, na Mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361, ambao bado unalipuka.

Utata ulianza mwaka 1974 Wafaransa walipoitisha kura ya maoni. Visiwa vitatu vilitaka uhuru kwa kishindo, Maore wengi wakakataa. Tarehe 6 Julai 1975 Komoro ikatangaza uhuru wake, Ufaransa ikabaki na Maore (ndiyo Mayotte ya kwenye ramani zao), na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Moroni hawajakubali hadi leo. Tazama bendera yao: nyota nne, milia minne. Hapo jibu lao unalo.

Baada ya uhuru yakafuata mapinduzi juu ya mapinduzi, na jina la mamluki Mfaransa Bob Denard linajirudia mno humo. Mwaka 1997 Nzwani nayo ilijitenga. Na hili wengi wamelisahau: Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwemo katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichomng'oa Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzwani aliyekuwa akiikaidi serikali ya Moroni.