Msimpe kazi kabla hamjaongea na anayeshika funguo za stoo aliyoijenga mwanzo

Mkuu, isimamishe hiyo barua ya kumpendekeza mwenye bei ya chini kwa bodi ya zabuni. Kama bado iko mezani kwa Mkurugenzi, nenda kesho asubuhi uombe isitoke.

Umeandika kwamba halmashauri yenu ya mji inajenga bohari, wazabuni waliobaki ni watatu, wa bei ya chini yuko asilimia 27 chini ya makisio ya mhandisi, na timu ya tathmini inataka kumpa yeye kwa sababu ni nafuu na makaratasi yake yametimia. Halafu ukauliza kuta ziwe za tofali au za mabati. Nimesoma nikaona kama nasoma muhtasari wa kikao chetu cha mwaka 2017. Hata maneno ni yale yale.

Nilikuwa mtunza stoo wa halmashauri huku Nyanda za Juu Kusini. Mji siutaji. Kwa kuwa idara yetu ndiyo ingetumia jengo, niliingizwa kwenye timu ya tathmini. Tulikuwa watano. Tulikaa siku mbili tukipitia makabrasha: usajili wa CRB (bodi ya kusajili makandarasi), leseni, karatasi za kodi, orodha ya mitambo, wasifu wa mafundi na wahandisi, barua ya benki, vyeti vya kukamilisha kazi. Mwenye bei ya chini alikuwa na vyeti vitatu vya namna hiyo, na kimoja kilikuwa cha stoo aliyojenga wilaya ya jirani, mwendo wa saa moja na nusu kwa Coaster. Tukapiga tiki, tukafungua ukurasa unaofuata.

Bohari yetu iliharibika siku ile, kiwanja hakijasafishwa hata majani.

Cheti cha kukamilisha kazi kinasema jengo limekabidhiwa na tarehe fulani. Hakisemi kama linavuja. Aliyekisaini alikisaini siku ya makabidhiano, rangi bado inanuka, pengine kiangazi cha Agosti. Nilikuwa nimefanya kazi ya stoo miaka kumi na moja, najua jengo linavyojionyesha masika ya pili, na bado nilikaa pale nikakubali karatasi inisemee. Hilo linaniuma kuliko yote.

Mjumbe mmoja, dada mhandisi wa maji, aliuliza swali moja tu: "Jamani, huyu kazi yake tumeiona?" Akajibiwa na mtaalamu wetu wa ununuzi kwamba safari haina bajeti, na kwamba sheria inatulazimisha kuchukua bei ya chini, tukimruka mwenye bei hiyo mkaguzi atatuuliza. Alisema kwa sauti ya mtu anayejua. Dada akanyamaza, na sisi tukanyamaza naye.

Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, kwa sababu haikuwa kweli, na yeye kazi yake ilikuwa kujua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 tuliyokuwa tunaitumia haikusema "bei ya chini" halafu nukta. Ilizungumzia zabuni ya gharama ya chini baada ya tathmini, na hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo kazi yenyewe ya timu. Bei ikiwa chini kupita kiasi, mnaruhusiwa kumwandikia mzabuni aeleze atajengaje kwa fedha hiyo, na maelezo yasiporidhisha mnaweza kumkataa. Kuhakiki sifa zake kabla ya kumtunuku kunaruhusiwa pia. Sasa mnatumia sheria mpya ya 2023 na mambo yote yako kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, lakini mlango wa kuhakiki haujafungwa. Mtu akikwambia umefungwa, mwambie akuonyeshe kifungu. Usikubali atikise kichwa tu. Na mfumo hata uwe mzuri namna gani hauwezi kwenda kupapasa ukuta wa stoo ya wilaya ya jirani. Huo ni mkono wa mtu.

Baadaye, mambo yameshaharibika, nilikaa na nakala ya zabuni yake na kikokotoo. Bohari yetu ilikuwa mita 20 kwa 12, jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 15. Hapo ni mita za ujazo 36 za zege. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula mifuko sita na kitu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jamvi peke yake linataka mifuko isiyopungua 220. Nikachukua bei aliyoiandika kwenye mstari wa jamvi, nikaigawa kwa bei ya mfuko dukani kwetu mwaka ule. Ikatoka mifuko kama 150. Na hapo hujanunua mchanga wala kokoto, hujalipa kibarua hata mmoja, hujakodi mashine ya kuchanganyia. Mtu alituandikia kwa mkono wake kwamba saruji hataweka, sisi tukampa kazi.

Alijenga haraka na kwa adabu. Salamu kila asubuhi. Kifusi cha kujazia chini ya jamvi kilimwagwa mara moja na kushindiliwa juu juu, wakati michoro ilitaka kishindiliwe tabaka kwa tabaka kwa kumwagiwa maji. Nailoni ya kuzuia unyevu chini ya jamvi sikuiona, nikaambiwa iliwekwa Jumamosi wakati sipo. Mabati ya geji 28 yaligeuka geji 30, yaani membamba zaidi. Kina cha msingi kilipungua upande wa mlimani kwa sababu walikuta mwamba, wakauacha hivyo hivyo, na sakafu ikakaa karibu usawa mmoja na kiwanja. Mhandisi wetu alikuwa na miradi kumi na kitu ya kukagua na gari moja lililokuwa gereji. Simlaumu sana yeye.

Makabidhiano yakawa katikati ya Mei. Kipindi cha matazamio, ambacho kasoro ikitokea mkandarasi anairekebisha mwenyewe, miezi sita. Piga hesabu mwenyewe, mkuu: Mei hadi katikati ya Novemba, na huku kwetu mvua za kuanza zilikuja mwisho wa Novemba. Jengo lilitazamiwa kiangazi kizima. Fedha yake iliyokuwa imezuiwa ikalipwa, muda ulikuwa umefika na hakuna nyufa. Wiki mbili baadaye mbingu zikafunguka.

Ilikuwa Jumatatu, Desemba. Ilinyesha toka Jumamosi mchana. Nilifungua kufuli saa moja na nusu asubuhi, harufu ya udongo mbichi ikanipokea mlangoni, harufu ya shimo la choo linapochimbwa. Maji yalikuwa yameingia chini ya mlango kutoka upande wa mlimani, lakini hayo yangefagiliwa. Jambo lenyewe lilikuwa katikati. Jamvi lilikuwa limetitia, ufa umekwenda toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, unaweza kusimamisha shilingi mia ndani yake. Maji yalikimbilia pale kwenye bonde, yakatulia, yakapita juu ya chaga. Juu ya chaga zile kulikuwa na mifuko 340 ya saruji.

Niliuchoma mfuko wa safu ya chini kwa kidole. Kidole kiligota. Nikajaribu wa pili, wa tatu, nikazunguka rundo zima nikiinama. Safu tatu za chini zilikuwa zimegeuka jiwe, lina sura ya mfuko na maandishi ya kiwandani yanasomeka vizuri. Safu za juu tulizihamishia ukumbini siku ile ile, nyingine zikatoka na mabonge.

Saruji ile ilikuwa ya maboma ya madarasa. Wazazi walikuwa wamebeba mawe na mchanga vichwani, wamenyanyua kuta hadi linta kwa nguvu zao, na halmashauri iliahidi kumalizia. Kuna mzee mmoja wa kamati ya shule alikuja kuchukua mgao wao na trekta la kukodi. Nilimwonyesha rundo. Aligonga mfuko kwa fimbo yake mara mbili, akaniangalia, akasema, "Hii mtatuletea tujengee, au tuweke kaburini?" Akaondoka na trekta tupu. Lilikuwa limelipiwa kwenda na kurudi.

Mkandarasi tulipompigia alijibu kwa heshima kama kawaida yake: mkataba umeisha, mzee. Na kweli ulikuwa umeisha. Ikabidi kuvunja jamvi lote, kutoa kifusi, kushindilia upya, kuchimba mfereji upande wa juu. Ukijumlisha bei yake na gharama ya kurudia, tulivuka bei ya mzabuni wa pili, yule tuliyemwandika kwenye ripoti kuwa ni ghali. Na mkaguzi kweli alikuja. Hakuuliza kwa nini tulimruka mwenye bei ya chini, kwa sababu hatukumruka. Aliuliza saruji iko wapi.

Sasa sikia lililobaki, maana kwa ajili ya hili ndiyo nimekaa kuandika usiku wote huu.

Mwaka uliofuata nilikutana kwenye mafunzo na mama mmoja, mtunza stoo wa wilaya ile ya jirani. Tukiwa kwenye chai nikamweleza yaliyonikuta. Akaniuliza jina la mkandarasi. Nilipomtajia, akaweka kikombe chini. "Yangu mimi nilianza kutega ndoo mwaka wa kwanza," akasema. "Sakafu ilipasuka wa pili. Mbona hamkuja kuniuliza? Funguo ninazo mimi."

Nauli ya Coaster kwenda na kurudi. Mchana mmoja. Mama yule angetufungulia mlango akatuambia kila kitu, kwa sababu hakuwa na cha kuficha: si yeye aliyempa kazi, si yeye aliyesaini cheti, yeye ndiye anayeamka usiku mvua ikinyesha.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya barua yoyote, chukueni orodha ya kazi zake alizoziandika yeye mwenyewe kwenye zabuni. Mchague nyinyi jengo, asiwachagulie yeye, atawapeleka kwenye lile zuri. Lazima liwe limepigwa na masika mawili kamili. Chukueni barua ya utambulisho kwa Mkurugenzi ili mfunguliwe, nendeni wajumbe wawili hata kwa basi, na mkifika msianze ofisini kwa wakubwa. Ofisini mtapewa soda na kuambiwa jengo ni zuri, maana walioko mle ndio waliompa kazi. Ulizeni nani anashika funguo.

Akifungua, usitazame kwanza vilivyomo. Tazama pasipo na kitu. Mtunza stoo haachi nafasi tupu bure, nafasi ya stoo ni dhahabu. Ukiona kona haina mzigo na mizigo mingine imebanana, inua macho juu ya kona ile. Ukiona ndoo haina kazi, tazama juu yake. Papasa ukuta kimo cha goti: ukikuta unga mweupe kama chumvi au lipu imevimba na kubanduka, unyevu unapanda kutoka chini, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kokota soli ya kiatu sakafuni, ikibaki na vumbi la kijivu kila mara, huenda saruji ilikuwa haba. Tembea katikati ya jengo taratibu, mguu utajua kama pametitia kabla jicho halijajua. Halafu nyamaza, umwache mwenye funguo aongee. Muulize mvua kubwa ya mwisho alilala saa ngapi.

Nendeni pia kwa mzabuni wa pili, msije mkadhani ghali maana yake ni mzuri. Yeye naye ana jengo mahali, na jengo lina mtu wa funguo.

Kuhusu kuta, ukiniuliza mimi, tofali au mabati vyote vinajengeka, wezi na joto ndivyo vitakavyowaamulia. Chini ndiko kunakoua stoo. Sakafu iwe juu ya kiwanja, angalau maji ya mlimani yasiweze kupanda hata mfereji ukiziba. Na kipindi cha matazamio kiandikwe kipite masika nzima, miezi kumi na miwili, asiwadanganye mtu na miezi sita.

Umesema bodi ya zabuni inakaa Ijumaa. Leo Jumanne usiku. Kesho ombeni barua ya utambulisho, Alhamisi alfajiri pandeni basi. Mkishaongea na mwenye funguo, rudi hapa uandike alichowaambia, neno kwa neno.