Kuchambua hotuba katika somo la fasihi ya Kiingereza
Mwanangu, umeuliza kwa nini mwalimu wako wa kidato cha tano huko Mbale amekupa alama chache, ilhali ulitaja tamathali zote za usemi katika hotuba ya Antony kwenye mazishi ya rafiki yake Caesar, mtawala wa Roma, katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar. Kutaja hakutoshi, mtahini anataka uonyeshe kila tamathali inawafanyia nini wasikilizaji. Tazama jinsi Antony anavyorudia kumwita Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, mtu mwenye heshima: kila anaporudia, akiwa amekwisha kuwakumbusha huruma ya Caesar kwa maskini, sifa ile inazidi kuwa shutuma, hata umati uliokuwa ukimshangilia Brutus unamgeuka. Andika aya nzima juu ya badiliko hilo, lakini kwanza, nakusihi, isome hotuba kwa sauti.