Waraka nimeufuta, asubuhi nimeukuta: maktaba tatu za nyaraka na nahodha mmoja

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nashughulikia nyaraka katika kampuni ya uchukuzi yenye ofisi Amu, Malindi na Mombasa. Amu na Mombasa tunatumia Alfresco, Malindi wana SharePoint, zote mbili programu za kutunza nyaraka. Kijana mmoja alituandikia skripti, yaani programu fupi, inayopita kila saa nane usiku, inalinganisha folda na kunakili huku na huku. Sasa nikifuta waraka leo, kesho umerudi. Kuna mkataba una nakala nne, na tarehe zake zote ni za usiku wa kunakili. Tufanyeje maktaba zote tatu ziwe sawa? (Msomaji, Amu)

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Usimlaumu sana kijana wa watu. Skripti yake inatenda ilivyoambiwa: imeona waraka uko Malindi na Amu haupo, basi imeuleta Amu. Kwake yeye, waraka uliofutwa na waraka ambao haujafika ni kitu kimoja.

Nakala nne nazo zina asili hiyohiyo. Bila shaka skripti inatambua waraka kwa jina la faili. Mtu wa Amu akibadili “Mkataba wa jahazi” kuwa “Mkataba wa jahazi MPYA”, usiku jina jipya linakwenda Malindi na Mombasa, na jina la zamani linarudi Amu. Nakala nne maana yake mmebadili jina mara tatu tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile usichokitaja. Wewe ukirekebisha bei saa nne asubuhi, na mwenzako wa Malindi akarekebisha tarehe ya malipo saa tisa alasiri kwenye nakala yake, usiku ya Malindi itaifunika yako kwa kuwa ndiyo ya karibuni. Bei yako imekwenda na maji, na hakuna aliyeambiwa. Fungueni historia ya matoleo ya mikataba ya miezi michache iliyopita mkague.

Dawa yake si skripti kali zaidi. Chombo chenu kina manahodha watatu. Makarani wa zamani walilijua hili: waraka asilia ulikaa kwenye jalada moja, na uliovushwa Mokowe ulipigwa muhuri wa NAKALA, wala hakuna aliyethubutu kuuandika juu. Fanyeni vivyo hivyo. Kila folda iwe na nyumba moja: mikataba ya vyombo Amu, hesabu Mombasa, na kadhalika. Kwingine iwe ya kusomwa tu. Alfresco ina huduma yake ya kurudufu inayofanya kazi hivyo, ila ni kati ya Alfresco na Alfresco, kwa hiyo itawafaa Amu na Mombasa. Kwa Malindi mtahitaji programu ya kuunganisha.

Programu hiyo isitegemee majina. Kila waraka upewe namba yake siku ya kuzaliwa, iandikwe kama sifa ya waraka katika maktaba zote tatu, kwa sababu namba za ndani za Alfresco na za SharePoint hazijuani. Halafu isilinganishe folda, iulize mabadiliko. SharePoint ya mtandaoni hutoa orodha ya yaliyobadilika tangu ulipouliza mara ya mwisho, vilivyofutwa vikiwemo. Alfresco hutoa orodha ya aina hiyo kupitia CMIS, lugha ya pamoja ya mifumo ya nyaraka iliyopitishwa mwaka 2010 na OASIS, shirika la viwango, mkishawasha kumbukumbu za ukaguzi. Kufuta kukishakuwa habari inayosafiri kama habari nyingine, waraka hautafufuka.

Tarehe: ya kusainiwa ihifadhiwe katika sehemu yake, msitegemee tarehe ya faili. Na angalieni saa. Mifumo hii huweka muda kwa UTC, saa za pamoja za dunia, nasi tuko saa 3 mbele. Kilichofanyika saa nane usiku wa tarehe 3 kwetu, huko ndani kimeandikwa tarehe 2, 23:00. Msipouonyesha kwa saa zetu, mtagombana bure.

Kuhusu laini ya intaneti ya Amu. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, DPI 300 (nukta 300 kwa inchi), bila kubanwa, ni kama MB 26. Kwa laini ya Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) huo ni karibu dakika moja na sekunde 45, na mkataba wa kurasa 30 unakula dakika 52, kama laini haikukatika. Skanini maandishi kwa nyeusi na nyeupe. Ukurasa unashuka hadi MB 1 hivi hata kabla ya kubanwa. Programu nayo iwe na foleni inayoendelea pale ilipoishia, na ikimaliza ilinganishe SHA-256, alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ya pande zote mbili.

Si kila kitu kirudufiwe, dada. Nakala za vitambulisho na mishahara ya mabaharia zibaki kwenye nyumba yake, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu, na ruhusa za Alfresco hazihamii SharePoint zenyewe. Na msidhani mna chelezo, yaani nakala ya akiba: mtu akifuta folda kwa bahati mbaya Amu, mfumo mpya utaifuta kote kwa uaminifu. Chelezo ikae pembeni, isiguswe na programu hii.

Leo hii, kabla ya lolote, izimeni skripti ya saa nane.