Jibu: Masista wanne, na wageni Noeli nzima

Salamu, Sista. Unasema mko wanne hapo Kadutu, mtaa wa Bukavu, tarehe 25 wageni wanaingia tangu asubuhi hadi giza, na nyinyi hamsali wala kula pamoja.

Anza na kalenda, si jikoni. Noeli haiishi siku moja: oktava, yaani siku nane za sherehe, inaenda mpaka 1 Januari. Kwetu hapa Bukavu tarehe 25 tunawaachia wageni yote. Mlango wazi, bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, mezani. Kuwafungia majirani siku hiyo kunaumiza watu, msifanye hivyo.

Karamu yenu ihamishieni 28, sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode. Kuna desturi ya zamani ya watawa: mdogo wa nyumba anashika nafasi ya mkubwa siku ile. Achague yeye nyimbo, chakula, hata saa ya kulala. Inaleta furaha ya kweli, hasa kwa sista anayekaa Noeli ya kwanza mbali na mama yake.

Masifu ya Jioni, sala yenu ya jioni, ya 25 msiyaache. Wageni wakiwapo, waingie kwenye kapela waimbe nanyi. Utenzi wa Maria unaoimbwa humo wengi wanaujua.

Zawadi na pesa, muulize mkubwa mapema, Majilio yakiwa bado hayajaisha.